Daftari la Sylvanus na Neno Moja la Kiingereza

Mimi shule niliiona kwa nje tu, lakini Sylvanus wa Kakese kasoma mpaka Urusi, miaka ya themanini, kozi ya kutafsiri. Yeye Mfipa, mimi Mkonongo, ni mtani wangu. Mtihani wa mwisho alifaulu wote isipokuwa neno moja la Kiingereza, "ruefully". Alishindwa kulipeleka kwenye Kirusi. Mwalimu wake, mama mmoja wa hukohuko, akamwambia, "Ukilipata, niandikie."

Akarudi, akalima mpunga, akazeeka nalo. Kwenye daftari aliandika kila namna ambayo Mrusi angelisema, na pembeni mtu wa hapa kwetu aliyemwona hivyo. "S sozhaleniyem", kwa majuto: Gervas akimsindikiza ng'ombe aliyemuuza. "Pechalno", kwa huzuni: mke wake mwenyewe, Agatha, akikunja kanga za binti yao aliyeolewa mbali. Kurasa na kurasa.

"Bado, mtani," alikuwa ananiambia. "Mwingereza kaweka na katabasamu humo ndani. Mtu anajicheka huku roho inamuuma."

"Miaka arobaini, neno moja! Nyie Wafipa vichwani mna ugali."

"Nyamaza, we mchawi mzee."

Mwaka jana Agatha akafariki. Msibani mtani ana kazi yake. Nilinyakua daftari, nikatangaza limekamatwa, mfiwa alikomboe kwa jogoo. Watu wakacheka, hata yeye kidogo. Nikalificha ghalani kwangu, chini ya gunia la mahindi.

Wiki ya pili akaja na jogoo. Binti wa yule mwalimu alikuwa amempigia simu: mama yuko hospitali, anauliza kama neno limepatikana.

"Nimeelewa sasa," Sylvanus akasema. "Kirusi hakina neno moja la kulibeba. Jibu ni daftari zima. Nipe nizipige picha kurasa zote, nimtumie angali hai."

Ningempa palepale. Lakini utani ulishanipanda kichwani.

"Jogoo mwekundu huyu. Mimi nataka mweupe."

Alimtafuta siku nne, Ilembo mpaka Kashaulili. Alipomleta tukainua gunia. Huwa nasema mchwa wa kwetu walikula baiskeli ya marehemu mume wangu wakabakiza kengele, nasema ili watu wacheke. Hili la daftari sikulitunga. Kulikuwa na udongo, na kipande cha jalada kama kiganja.

Jumapili ile mwalimu akafa.

Nilimfuata Sylvanus shambani. "Nitukane, mtani. Nitukane mpaka uchoke."

Aliegemea jembe, akaangalia chini.

"Hapana, mama," akasema. "Pole na jua."

Tangu hapo tukikutana njiani anavua kofia. "Shikamoo, mama," kwa adabu, kama mgeni. Nami naitikia marahaba, napita.