Kikapu Mdomoni mwa Spika

Sijawahi kumheshimu mwenyekiti wa klabu yetu ya Mbeya, na uzee haujanilainisha. Wenzangu wakifika umri huu husema wamesamehe. Mimi nimepunguza kumtaja tu.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Klabu ilikuwa nyumba ya matofali karibu na soko, na fahari yake kubwa ilikuwa spika kuukuu yenye mdomo mpana kama wa tarumbeta, iliyofungwa juu ya nguzo. Ilinunuliwa Iringa kwa mlowezi mmoja aliyekuwa akihama, ikaletwa kwa lori pamoja na amplifaya yake iliyotumia betri ya gari. Jioni iliunganishwa na redio, watu wakasimama chini yake kusikiliza habari na muziki. Siku za soko, kabla watu hawajatawanyika, yalisomwa matangazo ya mji: mbuzi aliyepotea, mechi ya mpira, na zaidi ya yote siku ya kliniki ya watoto, maana daktari alikuwa akizunguka na siku yake ilibadilikabadilika. Mama aliyeikosa alipanda tena mlimani na mtoto wake mgonjwa mgongoni.

Matangazo hayo niliyasoma mimi. Baba alikuwa mfanyabiashara wa nguo mwenye asili ya pwani, kwa hiyo Kiswahili kilikuwa lugha yetu ya nyumbani, na nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nane. Lakini nisijisifu. Kazi niliipata kwa sababu katika kamati nzima hapakuwa na mwanamume wa kusoma ukurasa mmoja bila kusimama kuhema. Niliipenda kazi ile kuliko kitu chochote nilichokuwa nacho, na kila nikikaa mbele ya maikrofoni nilijiona mtu.

Shida ni kwamba hawakunisikia. Kina mama wa Kisafwa waliotoka milimani walikuwa wakinifuata baadaye na kuniambia wanasikia mvumo tu. Nilitoka siku moja kumsikiliza mweka hazina akiongea kwenye maikrofoni, nikaelewa. Spika ilimeza zile sauti nyembamba zinazotenganisha neno na neno, ikaacha ngurumo, kama mtu anayeongea amejifungia ndani ya pipa.

Kamati ikakaa. Wanaume wazima, wamevaa makoti, chai mbele yao, wakajadili koo langu. Mwishowe mwenyekiti akaniita.

"Binti yangu, usikasirike," alisema. "Sauti ya mwanamke haipandi kwenye bomba. Mungu amekupa sauti ya jikoni."

Matangazo angeyasoma yeye. Alikuwa akiyamezea mate siku nyingi. Ndani ya spika ile sauti yake ilitoka nene, nzito, kama ya chifu, na akishika maikrofoni kujaribu, alijaribu mpaka betri ichoke.

Nilimwomba aite fundi kwanza. Alikubali, si kwa huruma, bali kwa sababu kuleta fundi kutoka Iringa kungempa jambo la kusimulia. Tukaelewana mbele ya kamati: fundi akisema kosa ni la spika, nabaki, akisema ni la sauti yangu, namkabidhi mwenyekiti karatasi ya matangazo.

Sasa niseme habari ya kikapu. Mwenyekiti alikuwa mtu wa Iringa, na alikuwa ameagiza kwao kifuniko cha milulu, nyasi za mabondeni, kilichosukwa kwa kubana sana, kama vikapu vyao vyote, kikaenea barabara kwenye mdomo wa spika. Kazi yake ilikuwa kuzuia mvua na mbayuwayu. Kila mgeni alionyeshwa ususi wake. Kamati nzima ilitazama mdomo ulioziba kila siku, wakakuna vichwa kwa nini hausemi. Nilipouliza kama kikapu hakizuii sauti, mweka hazina alicheka mpaka akapaliwa.

"Sauti ni upepo, dada," aliniambia. "Upepo unapita."

Huyo alikuwa ndiye msomi wao.

Fundi alifika na lori la mchele lililolala njiani Chimala, amechelewa, ananuka ulanzi, ile pombe ya mianzi. Alitusalimu "Kamwene", kwa Kihehe, kwa sauti ya mtu anayetegemea kupigiwa makofi, kisha akatueleza redio zote alizowahi kutengeneza na wazungu wote waliomlilia. Alitema mate sakafuni mwa klabu. Sikumpenda hata kidogo. Lakini mpuuzi yule alikuwa na masikio, na hilo nalazimika kumpa.

Aliniambia nisome. Akatoka nje, akasimama amefumba macho, kisha akaitisha ngazi.

"Huyu dada sauti yake iko sawa kabisa," alisema kutoka juu. "Sauti nene inapita kila mahali, hata kwenye ukuta. Hii nyembamba inataka njia wazi. Sasa nyie mmeifunga mdomo!"

Akang'oa kikapu, akakitupa chini, miguuni mwa mwenyekiti. Akaingiza kijiti kwenye koo la spika, akatoa nyumba ya nyigu, udongo mtupu. Kisha akacheka, maana spika ilikuwa imeelekezwa juu ya paa la boma, ili wakubwa wa serikali wasikie kwamba tunayo. Akaishusha ikatazama soko, akisema sauti za juu huenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi, asiyemulikwa hapati. Mwisho akaunga kapasita moja ndogo kwenye waya.

"Hapo umeongeza nini?" mwenyekiti aliuliza.

"Sijaongeza. Nimepunguza ule mvumo. Ndio ulikuwa unafunika maneno."

Nikasoma tena. Dirishani nilimwona mama mmoja aliyekuwa akifunga gunia la viazi akiinua kichwa. Nikataja siku ya kliniki, akamgeukia mwenzake, akamwambia kitu, wote wawili wakatikisa vichwa kukubali. Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Nilikuwa nimesikika mpaka mwisho wa soko, kila neno.

Mambo yangeishia hapo ningekuwa na habari njema ya kusimulia. Lakini mwenyekiti hakuweza kuona maikrofoni inayofanya kazi akaiacha. Aliichukua mkononi mwangu ili ajipongeze.

Spika ikamtoa alivyo. Pengo lake la mbele lilipiga mluzi kwenye kila neno. Tulisikia akimeza mate, tukasikia ulimi ukibanduka kwenye kaakaa. Sauti yenyewe ilikuwa ndogo, kavu, ya mtu anayelalamika chai imepoa. Ile sauti ya chifu haikuwa yake. Ilikuwa ya kikapu. Muuza ndizi mmoja akacheka, wa pili akadakia, na kicheko kikatembea sokoni mpaka kwenye mabanda ya nyama. Mwenyekiti alikatisha hotuba yake katikati.

Kesho yake kikapu kilikuwa kimerudi mahali pake, spika inatazama paa la boma, na kapasita imekatwa. Kamati ilisema spika imekuwa kali mno, inaumiza masikio ya wazee. Mweka hazina alisema imekosa heshima. Mapatano yetu hakuna aliyeyakumbuka. Nilimtazama fundi aseme neno, naye alikuwa akipandisha begi lake kwenye lori.

"Ni yao hiyo," alisema. "Wakitaka ivume, ivume."

Nilimkabidhi mwenyekiti karatasi. Aliipokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

Siku ya soko iliyofuata nilikuwa dukani kwa baba nikikunja vitambaa, nikamsikia akinguruma kule juu, mzito, mtukufu, hapana kinachoeleweka. Siku ya kliniki nilikuwa naijua, kwa sababu dresa, mfunga vidonda wa hospitali, alikuwa akinunua sigara zake kwetu. Ngurumo ilipokoma, mtu aligonga mlango wa nyuma. Alikuwa mke wa mwenyekiti, na mtoto mgongoni anayekohoa.

"Dada, samahani," alisema. "Kliniki ni lini?"

"Si mumeo ametangaza sasa hivi?"

"Nilisimama chini ya nguzo kabisa. Sijapata hata neno."

"Basi muulize akirudi nyumbani."

Alimpandisha mtoto mgongoni, akakaza kanga.

"Nikimuuliza, atajua kwamba sikumsikia."

Nilimwambia ni Alhamisi, asubuhi. Alishukuru, akatoka kwa mlango ule ule wa nyuma.