Mama Mwende na Chai ya Malaysia

Watu wangu, niko na miaka thelathini na nane na leo nimelishwa kama mtoto wa kunyonya.

Mnajua tangu nirudi kutoka Malaysia nalilia teh tarik, ile chai ya maziwa inamiminwa kutoka juu, kikombe hadi kikombe, mpaka itoe povu.

Leo hapa Sultan Hamud nikamwonyesha Mama Mwende wa hoteli kwa mikono vile inamiminwa.

Akaniangalia kwa huruma. "Si hivyo ndio tunapozea watoto chai?"

"Wewe nimiminie tu, mama."

Akamimina. Povu safi!

Lakini hakuishia hapo. Alichukua chapati yangu, akaikatakata vipande vidogo, akailoweka kwa mchuzi wa ndengu.

Mzee wa kanisa, meza ya pili, akaanza kuniombea meno.

Nikaonja.

Jameni! Hiyo ilikuwa roti canai, chapati ya barabarani na mchuzi kule Kuala Lumpur, sawasawa kabisa! Machozi yakanitoka.

Mama akayaona. "Pole, kijana yangu. Bado ni moto?"

Akavuta kiti, akashika kijiko, akaanza kunipulizia.

Sasa niambieni ukweli, wewe ungefungua mdomo?

Mimi nilifungua.

Na kila kijiko kilipoingia, mzee wa kanisa alisema amina.