Firigisi Niliyompa Mtu wa Bondeni

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize. Haya niliyaona kwa macho yangu mawili, nikiwa sijaonja hata tone la pombe ya rubisi, na jino hili lililovunjika hapa mbele ni shahidi wangu. Mke wangu naye yupo hai, ingawa ukimuuliza atanyanyuka aende kuchochea moto usiohitaji kuchochewa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, huku kwetu Nyakatuntu, enzi zile Kyerwa bado ni sehemu ya Karagwe. Majambazi walikuwa wametunyima usingizi. Tangu vita vya Kagera silaha zilizagaa, na watu walikuja usiku, wakavunja mlango kwa jiwe, wakabeba kahawa, redio, baiskeli, na ukibisha wanakuumiza. Nilikuwa na mke na binti mmoja, Editha, wa miaka minne. Kila nikilala nilijiuliza, wakija leo nitawakinga hawa na nini? Na panga la kukatia majani ya migomba?

Nikaamua kununua shotgani. Usidhani ni mchezo. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, nenda kata, nenda polisi Kayanga, rudi kesho, rudi Jumatatu. Ng'ombe wangu wawili waliishia huko. Lakini siku niliyoileta nyumbani, bunduki ya mitutu miwili inayong'aa, nilipita kijiji kizima kifua mbele. Mama yangu, aliyekuwa akiishi kwenye nyumba ndogo nyuma ya yetu, aliitazama akacheka, "Haya, na sisi leo tumekuwa serikali."

Majambazi wakasikia habari zake, hawakuja. Sasa bunduki ikae tu ukutani? Nikaanza kwenda nayo kuwinda kanga, wale ndege wa madoadoa wanaojaa bondeni kuelekea mto Kagera. Nikirudi nao, nyumba nzima inanukia.

Na hapa unielewe vizuri. Kwetu akichinjwa kuku au ndege yeyote, firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Nyama nyingine mama atagawa apendavyo, lakini firigisi inakwenda kwenye sahani ya baba, hata kama ndege mwenyewe ni mdogo kama ngumi. Ukiingia nyumba usiyoijua na unataka kumjua mwenyewe, usiulize. Tazama sahani yenye firigisi.

Jioni moja, jua likielekea kuzama, nilipiga kanga wawili bondeni. Nikiwa nimeinama kuwaokota, nikasikia, "Pole na kazi." Kugeuka, kuna mtu amesimama. Mtu mzima kama mimi, koti la kaki, hana viatu. Bonde lote lilikuwa tope, nami nilikuwa nimechafuka hadi magotini. Miguu yake ilikuwa safi.

Tukasalimiana. Akaitazama bunduki. "Umeinunua ya nini?"

"Ya kulinda nyumba yangu."

"Vizuri," akasema. "Nyumba ilindwe."

Basi tukaongea mawili matatu. Wawindaji tuna adabu yetu: mtu akikukuta umeua, haondoki mikono mitupu. Nikamwambia nitamkatia paja. Akakataa. Bawa? Akakataa. "Nipe firigisi tu," akasema, "nyama peleka kwa watoto."

Nilicheka. Niliona nimempata mtu mwenye haya, anayeomba kidogo. Ningejuaje? Nikampasua kanga mmoja, nikatoa firigisi, nikampa. Unajua alifanya nini? Aliimeza hapo hapo. Mbichi, na mchanga wake ndani, bila kutafuna.  Akajifuta mdomo, akasema taratibu, "Asante. Basi mimi natangulia nyumbani." Akashika njia. Nilipomaliza kuwafunga ndege wangu na kuinua macho, hakuwepo.

Nikapanda mlima nikijiambia labda ni mtu wa kijiji cha pili, mwenye tabia zake. Nikafika kwangu giza limeanza kuingia. Mbwa wangu, niliyemlea mwenyewe tangu hajafumbua macho, akanibwekea. Nikamkemea, akazidi kunionyesha meno. Nikasukuma mlango.

Niamini. Kwenye kiti changu alikaa yule mtu wa bondeni. Amevaa sweta langu. Amemkalisha Editha mapajani. Wala hakuwa na sura yangu, usije ukadhani hivyo! Alikuwa na sura yake ile ile. Mke wangu alikuwa anamwekea ndizi mezani, akanigeukia kama mtu anayemwona mpita njia.

"Karibu, mgeni."

"Mama Editha!" nikapiga kelele. "Huyu ni nani kwenye kiti changu?"

"Huyu ni Baba Editha, mume wangu," akasema. "Wewe ndiye tukuulize."

Editha akajificha kwenye kifua cha yule mtu. "Tata," akamwambia, "mfukuze huyo."

Tata ni baba. Mwanangu alimwita hivyo mtu yule, na mimi nimesimama pale.

Nikainua bunduki. Nani asingeinua? Yule mtu hakutikisika, alizidi tu kumkumbatia mtoto. Na shotgani haina risasi moja, ina marisau yanayotawanyika, hayachagui baba wala mwana. Sikufyatua. Hapo mke wangu akapiga yowe, "Jambazi! Jamani, ana bunduki!"

Majirani wakaitikia. Nikasikia wanakimbia kwenye migomba, na nilijua wanakuja na nini mikononi, kwa sababu nami nimewahi kuitikia yowe kama hilo. Wangekuta nini? Mtu mwenye silaha, mwanamke analia, mtoto amemkumbatia baba yake. Bunduki niliyoinunua kwa ajili ya majambazi ilikuwa imenifanya mimi ndiye jambazi.

Mama yangu ndiye aliyefika kwanza, kwa mlango wa nyuma. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akaitikia, kisha akamwona aliyekaa kitini.  Akatazama kanga niliowaning'iniza begani, mmoja amepasuliwa, mwingine mzima. "Firigisi ya huyu iko wapi?"

"Nimempa yeye."

Mama akajipiga paja. "Umempa nyumba, mjinga wewe!" Akaninyang'anya yule kanga mzima, akampasua kwa kisu cha jikoni, akachomoa firigisi, akanisukumia mdomoni. "Kula. Kula mbele yao."

Nikatafuna na damu na mchanga. Punje moja ya marisau ilikuwa imeingia humo, jino likakatika, nikavimeza vyote. Nilipomeza, mke wangu alimtazama aliyekuwa kitini na sahani ikamtoka mkononi. Sijawahi kusikia mtu akilia vile. Yule mtu akamshusha Editha kwa upole, akasimama. "Asante kwa chakula, Mama Editha," akasema, akatoka kwa mlango wa nyuma. Kwenye kibanja chetu cha migomba majani makavu yametanda kila mahali, hata panya akipita utamsikia. Yeye hakusikika.

Majirani wakaingia na mapanga, wakanikuta nimekaa chini nalia, damu kidevuni. Wakauliza jambazi amekimbilia wapi. Mama akawaambia warudi kulala.

Mama ameshafariki. Bunduki niliikabidhi polisi. Editha kwa wiki nyingi alikuwa akiamka usiku analia, anamtaka tata yule mwingine. Nikimbeba, ananisukuma. Hilo liliniuma kuliko jino.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, nunua bunduki ukipenda, kawinde. Ukikutana na mtu porini akakuomba, mpe paja, mpe bawa, mpe ndege mzima. Firigisi ipeleke nyumbani kwako. Kwangu mpaka leo, kuku akipikwa, mke wangu huiinua firigisi kwa mwiko, halafu husita. Hunitazama usoni kwanza. Tumezeeka pamoja, na bado hunitazama kwanza.