Goli Lililotoka Isebania

Chekeni sasa hivi mmalize, kwa sababu nikifika katikati nitakuwa nimeshakasirika na sitaki mtu anichekee usoni. Yule mtu wa Sirari aliyeshangilia penalti ambayo haikuingia, akaishangilisha na baa nzima, ni mimi. Habari zilifika kwetu Gorong'a kabla sijafika mwenyewe, mama alizikuta sokoni, na nimechoka kukanusha.

Ugonjwa wangu ni kutaka kujua mambo. Shule niliiachia darasa la sita, lakini kuulizauliza sijawahi kuacha. Nimechunga ng'ombe za watu Nyansurura, nimechoma tofali, nimeshusha mahindi hapa mpakani, na kote huko niliondoka kwa sababu ileile, nilikuwa nimeshayajua yote ya pale. Kilichokuwa kimebaki moyoni ni lori. Mzee Mwita, dereva anayepeleka mizigo kutoka Sirari mpaka Kahama na mara nyingine mpaka Kigali, alikuwa hana utingo, yaani msaidizi wa kufunga turubai, kulinda mzigo na kumwelekeza dereva anaporudi nyuma. Wa kwake alikuwa ameoa na mke amekataa safari. Nikaambiwa Jumamosi alasiri mzee huwa anaangalia mpira kwa Mama Ghati. Nikafua shati langu zuri, nikaenda. Kigali! Sikulala usiku wa kuamkia siku hiyo nikifikiria.

Baa ya Mama Ghati iko mpakani kabisa, ukirusha jiwe kwa nguvu linaangukia Kenya. Chakula chake sina neno, mbuzi wake anachomwa taratibu, na kichuri chake (mchuzi mchungu wa utumbo, asiyekijua asije kutuambia anajua kula) kinakufanya ulambe vidole mbele za watu. Ninachokasirikia ni picha. Mama Ghati hana dishi! Projekta yake inaonyesha mpira kwa bando la simu, na bando linachelewesha mambo, kwa hiyo kule Isebania, upande wa Kenya, kwenye baa yenye dishi watu wanashangilia goli wakati kwetu kipa bado anaanza mpira. Wateja wengi hawalijui hilo kwa sababu wanajazana mbele karibu na spika, na wachache wa nyuma hudhani kelele za ng'ambo ni za walevi tu. Mimi nililijua kwa kuwa siku moja nilivuka makusudi kwenda kuhakikisha (nimeshasema ni ugonjwa). Ukikaa meza ya nyuma, karibu na dirisha la jiko, unasikia kila kitu. Wakipiga kelele, timu yetu imefunga, maana kule karibu wote ni wa timu yetu, na jina lake silitaji, ina aibu zake za kutosha. Wakiguna, tumefungwa.

Sasa mzee Mwita alikuwa amekaa wapi? Meza ya nyuma. Ameagiza sahani nzima ya mbuzi, amevaa shati jeupe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mura unayetaka lori?"

"Ndiyo, tata," nikasema, maana kwetu kijana ni mura na mzee ni tata.

"Kaa. Mpira kwanza, kazi haikimbii."

Mezani alikuwepo pia Chacha, mpakiaji wa magunia, kijana asiyegusa bia, mwenye mdomo mchungu, ambaye tunafahamiana na hatupendani. Ningekaa nikanyamaza, leo ningekuwa naandika haya kutoka barabarani huko. Lakini Isebania walipolipuka kwa kelele nikamwinamia mzee, nikamwambia taratibu, kama mtu anayeota, "Mzee, hapa tunafunga." Goli likaingia. Mzee akaniangalia. Baadaye kidogo nikasikia mguno, nikatikisa kichwa nikasema, "Hapa ulinzi umelala, tunarudishiwa." Tukarudishiwa.

"Umejuaje?" mzee akauliza.

"Nausoma tu mchezo, mzee."

Huo ndio uamuzi wangu mdogo, maneno manne. Ningeweza kumwambia ukweli tukacheka. Badala yake mzee akanisogezea sahani, akasema, "Kula. Mtu wa macho kama yako ndiye namtafuta," na habari ikahama meza hadi meza kwamba nyuma kule yupo nabii, watu wakaanza kugeuza viti, hata Mama Ghati akatoka jikoni na kisu mkononi kuniona. Nikavimba. Ni Chacha tu aliyefyonza meno.

"Nabii wa Gorong'a! Mwaka jana mvua ilipogoma, mbona hukutuambia?"

Kipindi cha pili Isebania walikuwa kimya. Kimya kabisa. Hata mwamuzi alipotupatia penalti mwishoni mwishoni, kule hakuna aliyepiga hata kofi, na mimi, mtu ninayeuliza hadi kwa nini kuku hakojoi, siku hiyo sikuuliza. Nilijijibu mwenyewe kwamba wanaomba Mungu. Kwenye ukuta wetu mchezaji alikuwa bado anaweka mpira, anauondoa nyasi, anauweka tena. Baa nzima imegeuka kuniangalia mimi badala ya picha.

"Sema basi, nabii!"

Hapo Isebania wakalipuka. Sijawahi kusikia kelele kama zile, filimbi, masufuria, mtu anapiga honi ya pikipiki bila kuachia. Nikapanda juu ya meza. "IMEINGIA! Nawaambia imeingia, shangilieni!"

Na walishangilia, wajinga wale, mpira ukiwa bado umekaa chini! Mama Ghati akawasha muziki, mtu wa mbele akaagizia meza yake bia, wazee wakakumbatiana, mzee Mwita mwenyewe akasimama na mikono juu, nami katika kuruka nikakanyaga ukingo wa sahani, bakuli la kichuri likapaa likatua kifuani kwake. Shati jeupe. Kichuri mnakijua rangi yake. Hata hilo hakulijali, alicheka! Alinishika mguu akicheka.

Halafu mchezaji akapiga. Mpira ukapita juu ya goli, juu kabisa, ukaenda kwa mashabiki.

Muziki ukaendelea peke yake kwa muda, mpaka Mama Ghati alipouzima. Mimi niko juu ya meza. Nikasema (Mungu anisamehe), "Subirini, watarudia." Hawakurudia. Badala yake mlangoni akaingia kijana wa Kenya, mmoja wa wale wanaobadilisha pesa pale mpakani, anahema.

"Aki nyinyi mna bahati, huku kuna stima. Kwetu ilipotea tangu hafutaimu, nikaona nikuje huku. Sasa navuka tu boda naskia kule kwetu wamepiga nduru, kumbe imerudi! Kwani ni ngapi ngapi?"

Wote walikuwa wananiangalia, na niliona nyuso zikielewa moja baada ya nyingine, kuanzia mbele kuja nyuma.

"Kwa hiyo nabii anashangilia umeme," Chacha akasema.

Sitaeleza kicheko. Kuna aliyelia machozi. Yule wa bia alitaka nimlipie, Mama Ghati alitaka nishuke kwenye meza yake, na mimi nilikuwa nafoka, nalitukana bando lake, nawatukana wenye umeme wa Kenya, namwambia Chacha tutoke nje. Mzee Mwita alikuwa anajifuta kifua kwa karatasi. Hakufoka, na afadhali angefoka.

"Mura, shuka. Wewe ulisikia kelele, ndiyo?"

"Ndiyo, mzee. Lakini mara mbili za kwanza zilikuwa kweli."

"Mimi nikirudi nyuma na tani thelathini, kuna watoto, kuna mitaro, mimi sioni. Macho yangu ni wewe. Utaniambia 'njoo, njoo' kwa sababu umesikia?" Akamgeukia Chacha. "Wewe mbona hukusimama na wenzako?"

"Mpira ulikuwa chini, mzee."

"Una kitambulisho?"

"Ninacho."

"Jumatatu alfajiri, kwenye maegesho."

Chacha! Ambaye hajawahi kuuliza hata barabara inayopita kwao inaishia wapi! Kila nikikaa nalitafuta kosa katika maneno ya yule mzee ili nimkasirikie vizuri, silipati, na hilo ndilo linalonikera kuliko Chacha, kuliko bando, kuliko stima yao. Kwa Mama Ghati bado naenda, siwezi kuhama mbuzi wake. Goli likiingia nakaa. Natazama marudio, namtazama mwamuzi, nasubiri mpaka wenzangu wote wameshakumbatiana na kukaa, ndipo nasimama kushangilia, peke yangu, na wanacheka upya.