Chumvi Niliyoificha Lewisham

Niliondoka Muheza kwa sababu mdogo wangu Elia alinipigia simu akasema, "Dada, nikisimama dunia inazimika." Alikuwa ameishi London zaidi ya miaka ishirini akisafisha maofisi, na hakuwahi kuniomba kitu. Safari hii aliomba nikakae naye miezi michache, maana binti yake Neema hushinda kazini. Nikaazima koti kwa jirani, nikafunga dagaa na unga wa muhogo, nikaondoka.

Heathrow, asubuhi. Neema alinipokea kwa "Shikamoo, Shangazi," kisha Kiswahili kikamwishia. Yeye kazaliwa kule. Husikia kila neno, lakini hujibu kwa Kiingereza, na mimi ni wa darasa la saba. Ndani ya treni alijikaza akasema polepole, ili nielewe: "Shangazi, Baba anakula chumvi nyingi. Daktari amesema. Usipunguze, tafadhali."

Nikamwitikia, "Ndiyo, mwanangu," kama mtu anavyomwitikia mtoto.

Lewisham, saa sita mchana. Nyumba yao iko ghorofa ya pili, karibu na soko. Niliingia nikamkuta Elia kitandani, na hakunyanyuka. Kwetu mdogo hamsalimii dada yake akiwa amelala, na moyo wangu ulinuna kabla sijauzuia.

"Shikamoo, dada. Nimekuwa mfalme siku hizi, nawasalimia watu nikiwa nimejinyoosha."

"Marahaba, mfalme. Na taji?"

"Taji hii hapa," akafunua shuka, akanionyesha soksi za kubana zilizompanda hadi mapajani.

Ndipo nikaona alivyokuwa akiishi. Kichwa cha kitanda kilinyanyuliwa kwa magogo. Akitaka kwenda chooni huketi kwanza ukingoni, akachezesha nyayo, akangoja, kisha ndiyo asimame akishika ukuta. Alikuwa hatoki jasho hata chumba kikiwa cha moto. Mkojo ulipita kwenye mpira. Sauti ilikuwa imepungua, na hatua zake zilikuwa fupi. Nayaandika haya kwa kuwa mwenyewe alisema si aibu, ni ugonjwa.

Siku zilizofuata nilishika jiko, na hapa ndipo nilipokosea. Mama yetu aliondoka kwa kiharusi, baada ya presha kumpanda miaka mingi. Tangu hapo nyumbani kwetu chumvi ni sumu ya mgonjwa, awe anaumwa nini. Nilijua presha ya Elia hushuka, haipandi. Aliniambia mwenyewe. Lakini nikaona kwamba mtoto wa London hawezi kunifundisha kumpikia mgonjwa, na kwamba hata huyo daktari labda hakueleweka. Nikachukua kopo la chumvi lililokaa mezani, nikalificha kabati la juu, nyuma ya unga wangu. Neema alikuwa akila kazini, kwa hiyo hakuonja. Nilipika mchicha wa nazi, maharage, samaki, vyote bila chumvi.

Elia alikula. "Ahsante, dada," alisema kila siku. "Mkono wako haujabadilika."

Juma la tatu, Jumapili alasiri, wenzake wa kanisani walikuja kumwona, wakiongozwa na Mama Furaha, Mkongo mmoja mnene mwenye kicheko kikubwa. Waliimba, wakaomba, wakanywa chai. Walipoaga, Elia akaanza kunyanyuka.

"Baki hapo, baba," Mama Furaha akamwambia. "Mlango tunaujua."

"Mgeni asiyesindikizwa harudi."

"Sisi tutarudi tu, hata ukitufukuza!"

Elia akacheka, akasimama bila kungoja ukingoni. Alipiga hatua tatu. Uso ukageuka rangi ya majivu, akaanguka mlangoni kama nguo iliyotoka kwenye kamba.

Mimi na Mama Furaha tulimnyanyua, tukamketisha kitini, tukamshikilia wima na kumpepea, kama tunavyofanya siku zote mtu akizimia. Hakufumbua macho. Neema akaja mbio kutoka jikoni, akipiga kelele: "Mlazeni! Miguu juu! Miguu juu!" Tulipomlaza tu, akafumbua macho. Nyonga ilikuwa imevunjika.

Hospitalini nesi mmoja Mkenya alinieleza kwa upole. Mtu akisimama, damu hushukia miguuni, na kuna neva zinazobana mishipa ili damu irudi kichwani, bila sisi kuziamuru. Hizo hizo ndizo zinazoendesha jasho na kibofu. Za Elia zilikuwa zikifa pamoja na sehemu fulani za ubongo. Ndiyo maana alipewa soksi, dawa, maji mengi na chumvi.

"Mama, chumvi alikuwa akipata?"

Nikasema, "Ndiyo." Neema alikuwa amesimama pale pale.

Siku mbili nilibeba uongo huo. Ya tatu, tukiwa wawili, nilimwambia Elia kila kitu.

"Nilijua, dada," akasema. "Tangu lile tonge la kwanza."

"Sasa mbona hukusema?"

"Umetoka Muheza kuja kunipikia. Ningekuambiaje kwamba mboga yako haina ladha?" Akapumzika, akatafuta pumzi. "Mwambie Neema. Usimwache ajiulize."

Nilimwambia jioni ile, kwenye benchi la kungojea basi. Basi lilipofika alinishika mkono kunipandisha, kisha akauachia.

Elia hakurudi nyumbani. Alishikwa na homa ya mapafu, na juma la tano tulimzika London, katika udongo mzito wenye maji. Daktari, nilipomweleza yote, alisema ugonjwa wake hauna tiba, na kwamba hakuna awezaye kupima chumvi niliyomnyima ilichangia nini. Namshukuru. Lakini mimi najua kopo lilikuwa wapi.

Muheza, nyumbani. Watu huniuliza juu ya treni za chini ya ardhi, nami nawasimulia. Wakiniuliza alikufaje, nawasimulia hili pia. Majuzi jirani aliyeniazima koti aliugua, nikaenda kumpikia. Niliketi kwanza kando ya kitanda chake, mikono mitupu, nikamwuliza daktari alimwambia nini. Alipomaliza nikamwomba arudie tena, ndipo nikaenda kuwasha moto.