Chainizi za Mwali

Juzi nilipita sokoni Temeke, nikamkuta mama mmoja ameinama juu ya beseni anaosha chainizi. Anashika fungu, analichovya, analikung'uta, matone yananirukia miguuni. Nikasimama. Ile harufu ya shina bichi lililovunjika ilinishika pale pale. Yule mama akainua macho, akasema, "Bibi, unanunua au unaziaga?" Watu wakacheka. Nikanunua mafungu mawili, ingawa sikuwa hata na sufuria ya kuyapikia. Nilikuwa nimefikia kwa watu, kama kawaida yangu.

Wewe ukiona chainizi unaona mboga ya kila siku ya kulia ugali. Mimi naona uzio wa makuti. Kaa nikueleze.

Enzi za Mwingereza, Temeke yetu ilikuwa shamba zaidi kuliko mji. Mikorosho, minazi, mihogo, na nyumba za udongo zilizokaa mbali mbali, hata ukimwita jirani ilibidi upaze sauti. Mimi nilikaa na baba na bibi mzaa baba. Mama alifariki nikingali mchanga. Baba alikuwa mtunza bustani wa Mzungu mmoja upande wa Oysterbay. Alitoka alfajiri na baiskeli, akarudi jioni ananuka majani yaliyokatwa. Mimi nilikuwa darasa la nne. Mwisho wa mwaka kulikuwa na mtihani, na mtihani ule ulikuwa kama kivuko: ukipita unaendelea na masomo, ukiukosa umebaki ng'ambo hii maisha. Nilitaka kupita. Si kwamba nilikuwa na akili kuliko wengine. Nilikuwa na maswali, na shuleni ndiko mahali pekee ambapo mtoto wa kike aliuliza swali asiambiwe ana kiherehere.

Kisha nikavunja ungo. Siku hiyo hiyo bibi alinifunika kanga gubigubi, akaniingiza chumba cha ndani. Nikawa mwali.

Watoto wa leo hawajui mwali alivyowekwa. Hakuonwa na mwanamume wa nje. Hakupigwa na jua. Hakucheka kwa sauti. Alisingwa mwili kwa liwa, ngozi ing'ae, akafundishwa na kungwi mambo ya nyumba, akasuka ukili wa mikeka mpaka vidole vikaota sugu. Angekaa hivyo miezi, wengine zaidi ya mwaka, mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma. Mimi mpaka wangu ulikuwa uani, kwenye uzio wa makuti, tena asubuhi mapema na jioni tu. Nilizijua fito zote za ukuta wa chumba changu. Upo mmoja uliokuwa na fundo linalofanana na sikio, nikawa naliongelesha. Wenzangu walipopita kwenda shule nilizitambua nyayo zao mchangani, huyu anaburuta mguu, yule anaruka, nikauma kanga ili nisiwaite.

Mwalimu wetu alikuwa mtu wa bara, Mkristo, jirani yetu nyumba ya tatu. Alikuja kumsihi baba. Nikamsikia kupitia ukutani: "Mzee, huyu mtoto ni wa kufaulu. Nipe mpaka mtihani tu." Baba akajibu, "Mwalimu, mambo ya uani ni ya mama yangu. Mimi pale ni mgeni kama wewe." Bibi naye alipoulizwa alisema atanitoa mpunga ukivunwa, kwa sababu ngoma haichezwi bila wali. Nikapiga hesabu. Mavuno ni katikati ya mwaka, mtihani ni mwisho. Ingewezekana. Nikalishika tumaini hilo kwa mikono miwili.

Ndipo baba alipoleta mbegu za mboga hii. Zilikuwa nyeusi, ndogo kama haradali, zimefungwa kwenye karatasi. Mke wa Mzungu wake alitumiwa na ndugu yake kutoka Singapuri. Alizipanda wakati wa kaskazi, juani kabisa, kama anapanda maua yake. Zikaota vizuri, kabla ya mwezi zikarefuka shingo na kutoa maua ya manjano, majani yakawa magumu. Mama yule akakasirika, akaagiza zing'olewe, na mbegu zilizobaki zitupwe. Baba hakuwahi kutupa mbegu maishani mwake.

"Mpe mwali achezee," bibi akasema. "Labda ataacha kuongea na ukuta."

Nilichezea kweli. Nilizipanda karibu na bafu la uani, maji ya kuogea yalikopita. Siku ya nne zikachomoza. Zilizokuwa kwenye jua zililegea kila adhuhuri, zile za kivulini zikasimama. Nikawaza: kumbe na hii haitaki jua. Nikazijengea kichanja kifupi, nikakiezeka makuti. Nikachimbia mavi ya mbuzi. Vidudu vyeusi vinavyoruka kama viroboto vilipotoboa majani, nikavinyunyizia jivu alfajiri umande ukiwapo, maana hapo ndipo jivu linapong'ang'ania. Maji asubuhi, maji jioni, kidogo kidogo, mchanga usikauke hata siku moja. Baada ya mwezi tulikuwa na mboga ambayo Temeke nzima haijaiona: mashina meupe manene, majani yamejikunja kama kijiko cha chakula. Jina la chainizi lilikuja baadaye. Sisi tuliita mboga za vijiko. Bibi alizipika kwa nazi na kitunguu, bila kuziivisha sana, zikawa zinalia mdomoni. Baba aliongeza mara tatu.

Mke wa mwalimu akasikia, akaja na kikapu. Yeye ni mwanamke, aliruhusiwa kuniona. "Naomba mboga kidogo," akasema, na alipoinama kuchuma pamoja nami akanitilia karatasi mkononi. Hesabu za wiki nzima, mwandiko wa mwalimu. Tangu siku hiyo maswali yaliingia kikapuni na majibu yalitoka chini ya majani. Bibi alikaa mkekani akitafuna tambuu, akitazama kwingine kwa bidii mno. Siku moja tu alisema, "Mboga za siku hizi zinaandikwa." Sikujua kama nicheke.

Sasa hapa ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe niliona ni sifa. Kwetu mwali haonekani, kwa hiyo watu humsoma kwa kinachotoka uani. Bibi alipoona mboga zimeshamiri, akawa anapika na kupeleka kwa majirani, sahani imefunikwa kawa niliyoisuka mimi. Alisema, "Sahani haina mdomo, lakini inasema." Na sahani ya mtu hairudishwi tupu. Zikawa zinarudi na maandazi, na mahindi ya kuchoma, hata kipande cha sukari guru. Mimi ndani nilifurahi kama mfungwa anayepata barua. Nilizidi kumwagilia. Nilizidi kujitangaza, nami sijui.

Jioni moja, kabla tu ya mavuno, sahani ikarudi na doti ya kanga mpya, na juu yake tambuu iliyofungwa vizuri. Nilidhani ni zawadi ya bibi. Bibi akaishika ile tambuu bila kuifungua. Ilitoka kwa mama mmoja wa ukoo mkubwa aliyekuwa na mtoto wa kiume anafanya kazi bandarini. Alikuwa anaposa.

Baba akakubali. Na mwali aliyeposwa hatolewi halafu akarudi kuzurura shuleni. Hutoka uani kwao akaingia nyumba ya mumewe. Mpunga ulivunwa, harufu ya wali mpya ikajaa nyumba zote, mimi sikutolewa. Ndoa ikapangwa kabla ya mvua za vuli. Mtihani ulikuwa baada yake.

Sikulia. Nilikwenda uani, nikaling'oa lile paa la makuti. Nikaacha kumwagilia. Siku tatu, siku tano. Mboga zikashtuka, zikarefusha shingo zikatoa maua, na jani nililotafuna likanichoma ulimi kwa uchungu. Nikazichuma hizo hizo, nikazipika mwenyewe, nikaijaza sahani na kuituma kwa mama mkwe mtarajiwa. Nikasema moyoni: akila hizi atajua hapa hapana mke.

Kesho yake sauti ya mama mkwe huyo ikaingia uani kabla ya mwenyewe. "Hodi humu! Nani kanipikia mchunga mtamu namna hii?"

Mchunga, kama hujakulia pwani, ni mboga ya mwituni, chungu kama dawa, na watu wetu wanaipenda kupita nyama. Mimi niliyejidai najua kila kitu nililisahau hilo.

"Zile za kwanza, dada," anamwambia bibi, "usinichukie, zilikuwa kama mtu anakula maji. Lakini hizi! Mwanangu kala, kalamba na mwiko. Mkamwana anayejua uchungu wa mboga hana jipya la kufundishwa."

Bibi akacheka mpaka akashika ubavu, akamsindikiza hadi nje. Aliporudi hakuwa anacheka. Akakitazama kile kichanja kitupu.

"Ungeniambia mimi," akasema. "Mboga zimekukosea nini?"

"Ningekwambia, bibi, ungenitoa?"

Akakaa mkekani taratibu, kama mwenye magoti mabovu. "La," akasema. Kisha akanivuta kichwa, akakilaza pajani kwake, akaanza kunisuka nywele. Alisuka mpaka giza likaingia, akafumua, akasuka tena.

Siku ya mtihani nilikuwa Kinondoni, nyumba ya watu, mke wa mtu. Niliamka mapema nikaoga kama ninayekwenda. Nikafagia uwanja wote. Mama mkwe akanisifu, "Mtoto huyu ana mikono." Jua lilipofika pale ambapo mwalimu angesema wekeni kalamu chini, niliuegemeza ufagio ukutani, nikakaa. Mume wangu hakuwa mtu mbaya, nami sitamsingizia. Nilivumilia miaka miwili. Siku moja nilitumwa chumvi, nikalipita duka, nikaendelea kutembea.

Nimetembea tangu hapo. Nimepika kwenye mashamba ya katani, nimeuza kahawa stesheni, nimejifunza lugha tatu kwa kuuliza majina ya vitu. Bibi alikufa nikiwa mbali, habari ilinifika baada ya arobaini. Uani wetu umejengwa maduka. Uzio wa makuti hakuna. Sahani zinazotembea nyumba kwa nyumba hakuna, watu wanakula wamefunga milango. Mabinti wa Temeke wanapita na sare zao mchana kweupe, wanapiga kelele, wala hawajui kwamba wanafanya jambo kubwa. Nafurahi, halafu najikuta nakitamani kile kivuli, ule unyevu, na paja la bibi. Sijui mtu anawezaje kutamani mahali alipofungwa. Lakini natamani.

Ila kulala ndiyo siwezi tena mahali penye mlango mmoja. Mwenye nyumba akinionyesha chumba anaanza kusifu dirisha, saruji, bomba. Namwacha amalize. Kisha namuuliza mlango wa nyuma uko wapi.