Sahani ya Futari Niliyoichora Mwaka Mzima

Ile nyumba ya Kinondoni tuliyosomea sasa ni saluni. Nilipita wiki iliyopita nikakuta wameweka vioo mbele na picha kubwa ya mwanamke mwenye nywele za kusuka, nikasimama ng'ambo ya barabara kama mtu aliyedondosha kitu. Juu, ghorofa ya kwanza, ndipo lilipokuwa darasa letu la katuni: meza sita, kompyuta nne, na feni moja iliyokuwa ikizunguka kwa kutuonea huruma. Chini yetu palikuwa na duka la spika, na mwenye duka alikuwa hawezi kuuza spika bila kuijaribu kwanza. Singeli ikianza, meza zinatetemeka, na mistari yetu nayo inatetemeka. Mpaka leo nina michoro ambayo nikiitazama naweza kukuonyesha mahali jamaa alipopata mteja.

Nayakumbuka yale makaratasi, vumbi la penseli kwenye viganja, mihogo ya kukaanga aliyonunua mmoja tukala sita. Wanaokuja siku hizi wanaanza moja kwa moja na kompyuta. Sisi tulianza na mpira unaodunda, wiki tatu mpira unadunda, mpaka nikawa nauota. Nililalamika kila siku, nami leo ningetoa kitu chochote nirudi kwenye ule mpira.

Mimi ni mtoto wa Tandika. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akishona kanzu asubuhi na kufundisha madrasa alasiri barazani kwetu, na mtaa ule hauna mtoto wa rika langu ambaye hakupitia mikononi mwake. Watu walidhani anafundisha kusoma tu. Alikuwa akifundisha pia namna ya kuingia kwa watu, namna ya kukaa mbele ya mkubwa, namna ya kutoa kitu na namna ya kupokea. Nilipomwambia nataka kusomea katuni aliendelea kushona kanzu yake. Kesho yake, baada ya chai, akaniita.

“Abee, baba.”

“Hayo mambo ya kuchora viumbe mie siyapendi, na wewe unajua. Lakini sitaki uje useme baba yako alikufungia mlango. Nakupa mwaka. Ukiisha, nakuja kuangalia mwenyewe kwa macho yangu. Nikikuta upuuzi, unakwenda dukani kwa shangazi yako Mbagala, na hatutakuwa na mjadala.”

Shangazi anauza mapazia. Sina ugomvi na mapazia, lakini nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kila nilipojiona nimekaa kwenye lile duka, nampimia mtu kitambaa, machozi yalinilengalenga.

Ili umalize mwaka ulitakiwa utoe filamu ya nusu dakika. Nusu dakika inasikika kama mchezo mpaka uambiwe kwamba kila sekunde moja ni picha kumi na mbili. Nilichagua kitu ninachokijua. Ni Ramadhani, dakika chache kabla ya adhana ya magharibi, na mtoto wa kike ametumwa kupeleka sahani ya futari kwa bibi wa nyumba ya jirani. Anatembea, anabisha hodi, anatoa sahani, bibi anapokea. Basi. Nilikuwa mtoto huyo kila Ramadhani, mpaka mdogo wangu alipokua akanipokea kazi.

Shule yetu haikuwa na walimu wengi. Ilikuwa na mwalimu mmoja na wageni. Kila baada ya miezi michache alikuja msanii kutoka mahali fulani, akakaa nasi wiki mbili, akaondoka. Mgeni akija tunadeki mpaka ngazi, tunanunua soda, na kila mmoja anavaa nguo yake ya sikukuu, kana kwamba mtu amekuja kuposa.

Mgeni ambaye simsahau alitoka Uganda, mwanamume mnene, mpole, mwenye Kiswahili cha kukokota. Alimtazama mtoto wangu akitembea na sahani. Akamtazama tena. Kisha akaniuliza, “Hii sahani, ndani iko nini?”

“Tambi, mihogo ya nazi na kaimati, mwalimu.”

“Hapana. Ndani hakuna kitu. Mtoto anabeba karatasi.”

Nilikasirika. Nina hasira za karibu, na siku ile nusura nimwambie abebe yeye. Kabla sijafungua mdomo akaniagiza nilete sahani yenyewe. Kesho yake nikaja nayo imejaa, nimeifunika kwa kawa la mama, lile la ukili wa rangi, na nikaambiwa nitembee koridoni, niende nirudi, wenzangu wananichora. Mara ya kumi mkono wa kulia ulianza kufa ganzi. Bega likashuka, hatua zikafupika, na mkono wa kushoto ukapanda wenyewe kulizuia kawa lisiteleze.

“Huyo sasa,” akasema yule mgeni. “Sasa iko chakula.” Tukakaa chini tukaila, naye akamaliza kaimati zote peke yake.

Nilirudi Tandika mkono unauma na furaha ya kijinga imenijaa. Nilichora upya kila kitu, picha moja baada ya nyingine, karibu miezi mitatu. Nyumbani baba alinipita mezani bila kuangalia. Akitaka mkasi wake ulio karibu na makaratasi yangu, aliuomba, nami nikampa.

Mgeni wa mwisho alikuja mwaka unaelekea ukingoni. Alikuwa mama wa Kizungu mwenye mvi, hajui neno la Kiswahili zaidi ya asante, na mwalimu wetu ndiye aliyekuwa mkalimani. Wakati huo michoro yangu nilikuwa nimeshaiingiza kwenye kompyuta. Alisimama nyuma ya kiti changu, akanyoosha kidole akabonyeza kitufe kimoja, na picha yangu yote ikageuka kama kwenye kioo. Kulia ikawa kushoto. Nilishtuka. Bibi niliyemchora kwa mapenzi yote alikuwa amepinda kama antena iliyopigwa na upepo.

“Anasema jicho lako limezoea,” mwalimu akatafsiri. “Anasema linakuonea haya. Geuza picha, utaona makosa.”

Nilimpenda mama yule kwa maneno hayo, na bado nampenda. Wiki zilizobaki nilifanya kazi humo humo kwenye kioo. Nilimnyoosha bibi, nikanyoosha mlango, nikapunguza kichwa cha mtoto. Kilichonitoka akilini ni jambo moja tu, kuirudisha picha ilivyokuwa. Jicho lilizoea upande mpya kama lilivyouzoea ule wa zamani. Mwalimu angeweza kugundua, lakini alikuwa akihangaika na projekta ya kuazima, na wenzangu kila mmoja alikuwa na msiba wake. Nikaisevu, nikakabidhi.

Onyesho lilikuwa Jumamosi, baada ya adhuhuri. Tulipanga viti vya plastiki, tukaziba madirisha kwa khanga, na mwenye duka la spika aliombwa anyamaze na, haki ya Mungu, akanyamaza. Wazazi walijaa mpaka mlangoni. Baba alikuja na kanzu aliyoishona mwenyewe, akaacha makubazi nje kama anaingia msikitini, akakaa safu ya mbele, mikono juu ya magoti.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba.”

Filamu yangu ilikuwa ya tatu. Mtoto akatokea na sahani yake, bega limeshuka, hatua fupi fupi. Nyuma yangu mama mmoja akasema, “Masikini, kachoka huyo,” na moyo wangu ukaruka. Mtoto akafika mlangoni. Akabisha hodi. Bibi akatoka. Ndipo yule mtoto wangu, mbele ya wazazi wote wale na mbele ya mwalimu wa madrasa, akanyoosha mkono wa kushoto akampa mtu mzima chakula.

Ukumbi ukaguna.

“Astaghfirullah, kushoto!”

“Mtoto wa nani huyu?”

Watu wakaangua kicheko. Mimi kwanza sikuelewa, kisha nikaelewa. Baba hakucheka. Alinyanyuka, akapita katikati ya magoti ya watu, akavaa makubazi yake, akashuka ngazi.

Nilimfuata mbio huku nikiyaona mapazia ya shangazi yote, yenye maua na yasiyo na maua. Nilimkuta amesimama juani mbele ya duka la spika.

“Baba, ni kompyuta, niliigeuza halafu nikasahau ku...”

“Kalelewa na nani yule?”

“Baba?”

“Nakuuliza. Kabeba sahani vizuri. Unaona kabisa kwamba ina chakula, inamwelemea. Kabisha hodi inavyotakiwa. Halafu anafika mbele ya mtu mzima anatoa kushoto! Nusura ninyanyuke nimkamate mkono pale pale.”

Alikuwa akinionyesha. Mkono wake ulikuwa umenyooka mbele, umekunja vidole hewani, kwenye kimo cha mtoto wa miaka minane. Akauona. Akautazama kidogo, akaushusha polepole, akajifanya anapangusa kanzu. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona baba akiona haya, na nilimpenda wakati ule kuliko siku nyingine yoyote. Nilianza kulia kama mjinga, na mwenye duka akajifanya anahesabu nyaya.

“Usimtoe tena mbele za watu vile alivyo,” baba akasema, anaangalia barabarani. “Mrudishe ndani, umfundishe. Itakuchukua muda gani?”

Kurekebisha kosa lile kulihitaji kubonyeza kitufe kimoja, mara moja. Nilijifuta machozi, nikamtazama baba yangu usoni.

“Mwaka, baba.”

Alinikagua kama alivyokuwa akikagua mshono.

“Haya,” akasema. “Jumatatu uanze naye.”